Uzi Wenye Mafundo Matatu

Majirani zangu, sogeeni, na mwenye baridi ajifunike vizuri, maana haya ninayowaambia yalitokea mtaani kwetu hapa Mbeya, nyumba ya tatu kutoka yangu, mwaka wa hamsini na saba. Sikuyasikia kwa watu. Nilikuwamo, tena upande mbaya, kama mtakavyoona wenyewe.

Mimi Isihaka nilikuwa karani bomani mpaka macho yalipochoka kwa kazi ya kutwa. Nilipostaafu nikawa mwandishi na msomaji wa barua za mtaa mzima. Asubuhi nilikuwa nakwenda kukaa barazani kwa Bushiri, fundi cherehani, kwa sababu jua la saa tatu lilikuwa linaanza kwake kabla ya kufika kwangu. Ukungu ukiondoka mlima Loleza, Bushiri yuko kwenye cherehani yake, mkewe Mwanakhamisi anamenya njegere mlangoni, na mimi nina kikombe changu cha kahawa. Ilikuwa nyumba tulivu. Ukipita hapo ungesema, hawa watu wamekosa nini?

Walikosa mtoto. Miaka kumi na minne ya ndoa, na Mwanakhamisi alikuwa bado anaitwa Mwanakhamisi. Wanawake wenzake wote walikuwa Mama fulani. Yeye hakulalamika. Bushiri naye hakulalamika, lakini wanaume wana ulimi mbaya wakikusanyika kwa kinyozi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tulimtania kwamba anashona nguo za watoto wa watu mpaka amesahau kazi nyingine. Tulidhani ni utani.

Basi mwezi wa tatu mwaka huo ikaja barua kutoka Rodesia ya Kaskazini. Bushiri alifanya kazi huko miaka mingi, kwenye migodi ya shaba, na alirudi mwaka wa hamsini na nne. Barua ilitoka kwa mama mkuu wa nyumba ya watoto yatima. Bushiri hakuniletea niisome. Kiingereza kidogo alikijua kutoka migodini, akaisoma peke yake. Siku ya pili akatuambia kwa kinyozi kwamba kuna mtoto wa kike huko, ana miaka kumi na mmoja, na yeye anakwenda kumchukua awe wake.

Mmoja wetu akasema, kumbe Bushiri Rodesia hukukaa bure. Watu wakacheka. Bushiri naye akacheka, na hakukanusha.

Majirani, hapo ndipo uharibifu ulipoanza, katika kicheko. Siku hiyo alitoka kwa kinyozi akitembea kifua mbele. Aliyeitwa mgumba jana, leo ana binti mkubwa nchi za watu. Kesho yake alikuja kwangu na fomu za bomani, akaniambia niandike jina la mtoto ni Rukia binti Bushiri, na yeye ni baba mzazi. Nilimuuliza kama ndivyo. Akasema niandike. Nami niliyekaa ofisini miaka ishirini na nane nikijua kiapo ni kitu gani, nikaandika. Halafu nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu, naye mke wangu hakunywa maji kabla ya kuwaambia wenzake bombani.

Hivyo Mwanakhamisi akayasikia bombani, ndoo ikiwa kichwani. Mumewe alikuwa amemwambia tu kwamba kuna yatima atakayelelewa. Sasa akaambiwa ni mtoto wa mumewe, wa mwanamke mwingine, aliyefichwa miaka yote ile. Siku tatu hakutoka nje. Siku ya nne tukamwona anapaka chokaa chumba cha uani, kanga imefungwa kiunoni, macho yamevimba. Mke wangu alipokwenda kumpa pole, alimjibu kwamba mtoto hana kosa, na chumba lazima kikauke kabla ya baridi ya Juni.

Tena akanijia mimi. Akasema, Mzee Isihaka, niandikie barua kwa yule mama mkuu. Muulize mtoto anakula nini na anaogopa nini. Mwambie anipimie kwa uzi, afunge fundo penye kiuno, fundo penye goti, na fundo penye kisigino, ili nimkute na gauni lake tayari. Alikuwa pia amemfuata utingo mmoja wa lori za Tunduma amfundishe maneno ya Kibemba. Alikuwa anatwanga huku anayarudia, "mwaiseni, mwaiseni," yaani karibu. Nilitamani ardhi inimeze, maana mdomo uliomwumiza ulikuwa umetoka nyumbani kwangu.

Majibu yalikuja mwezi wa sita, siku ya Ijumaa. Ijumaa nyumba ile ilikuwa inajulikana kwa harufu. Bushiri alipenda figo za mbuzi, na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini zilikaangwa kwa kitunguu na pilipili manga. Nilifungua bahasha barazani. Mwanakhamisi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa kupikia mkononi. Bushiri alikuwa anashona. Na kwenye ngazi alikaa Mama Liberatus, mwanamke wa Kihehe kutoka upande wa Mufindi aliyeolewa hapa Mbeya, amekuja na kapu lake la viazi.

Kwanza uzi ulitoka. Ulikuwa uzi mweupe wa katani, na mafundo yake matatu. Mwanakhamisi aliushika akausimamisha sakafuni, akatazama fundo la kiuno lilipofika kwake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Kisha nikaanza kufasiri barua. Mtoto anaogopa radi. Anajua kushona vifungo. Anacheka akiwa peke yake. Anakula chochote anachopewa, isipokuwa figo. Figo haigusi hata akikemewa, anasema ni mwiko wao, baba yake hakula wala babu yake hakula.

Ndani ya nyumba figo zilikuwa zinachachatika kikaangoni.

Mama Liberatus akaweka kiazi chini. "Mama, samahani, mimi sina maneno mengi," akasema. "Lakini kwetu mwiko mtoto anapata kwa baba. Kwa mama hapati. Huyu baba yake ni mtu wa kwetu, Mhehe au Mbena. Siyo bwana wako huyu. Huyu anakula figo kila Ijumaa, hata mimi huko barabarani nasikia harufu."

Cherehani ikanyamaza. Watu wa pwani na wajukuu wao hatuna habari na miiko ya koo za huku. Bushiri alikaa na Mhehe mmoja chumba kimoja huko migodini miaka sita, akamwona akisukuma figo pembeni ya sahani, akadhani ni kuchagua chakula tu. Hakujua kwamba mtu anaweza kumwachia mtoto wake kitu kama hicho, na mtoto akakishika hata katika nyumba ya yatima. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikuwahi kuiona ikikatizwa na figo.

Mama Liberatus alichukua kapu akaaga. Mimi nami nilinyanyuka, Bushiri akanishika mkono nibaki. Akasema yote pale pale, bila kutazama mtu. Mtoto ni wa Tadeo, mwenzake wa mgodini, mtu wa Igowole. Mama wa mtoto, mwanamke wa Kibemba, alikufa kwa homa. Tadeo mwenyewe aliangukiwa na mwamba mwaka wa hamsini na tano. Katika sanduku lake walikuta bahasha moja tu yenye anwani inayosomeka, nayo ni ya Bushiri. Jina la mtoto ni Lea. Hakumsaliti mkewe hata siku moja. Aliwaacha watu waseme, kwa sababu ilikuwa tamu kuitwa baba.

Mwanakhamisi alikaa chini kizingitini. Akacheka, halafu akalia, halafu akajifuta kwa ncha ya kanga. "Miezi mitatu nimekuwa nakusamehe kosa ambalo hukulitenda," akasema. "Sasa nikusamehe lipi, Bushiri?"

Lakini lilikuwapo jingine, na ndilo baya zaidi. Tadeo hakujua kuandika. Barua zote alizompelekea mama yake Igowole ziliandikwa na Bushiri kwa mkono wake. Bushiri aliporudi nchini, alikwenda mpaka Igowole kumpelekea yule mama blanketi kutoka kwa mwanawe, akala kwake, akalala kwake. Nyumba aliijua, na njia aliijua. Tena barua ya mwezi wa tatu ilipomwambia Tadeo amekufa, alinyamaza. Aliogopa kwamba ukoo ukijua mtoto amebaki yatima, utamtaka. Hivyo yule mama alikuwa bado anamngojea mwana aliyezikwa miaka miwili iliyopita.

Sasa nisikilizeni mimi mzee wenu nilivyosema. Nilisema, acheni kwanza mtoto afike. Fomu zimekwenda, na baba mzazi haulizwi mengi. Mkianza kusema ukweli leo, watazirudisha, na barua imesema wazi kwamba mtoto akitimiza miaka kumi na miwili anapelekwa kufanya kazi nyumbani kwa watu. Miezi miwili tu imebaki. Afike, ndipo mtengeneze. Niliona nimetoa shauri la busara.

Mwanakhamisi alinitazama kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi. "Huyu si mtoto mchanga, Mzee Isihaka," akasema. "Atafika na mdomo wake. Nikimwita Rukia atageuka kutafuta nani anaitwa. Nikimwambia huyu ni baba yako, atanijibu kwamba baba yake alimzika. Chumba nimekipaka chokaa, lakini sitaki kupaka chokaa kichwa cha mtoto."

Bushiri alisema tukienda Igowole tunaweza kumkosa. Akajibiwa kwamba na tukimpata kwa wizi, tumemkosa vilevile. Figo ziliungua siku ile, hakuna aliyekula.

Jumatatu tulipanda basi, sisi watatu, mimi nikiwa na karatasi na kidau cha wino wa dole gumba. Tuliteremka Nyololo mchana, tukapata lori la mbao lililotufikisha karibu na Igowole, na iliyobaki tukaenda kwa miguu katika ukungu, njia inateleza. Nilimwona Bushiri akisimama mara mbili kama mtu aliyesahau kitu nyuma, na mara zote mbili mkewe akasimama naye mpaka akaendelea.

Bibi Lea, mama yake Tadeo, alikuwa shambani kwenye viazi, amejifunga blanketi lile lile mabegani. Alimtambua Bushiri kutoka mbali. "Kamwene," akatuamkia, tukaitikia "kamwene." Akatuingiza jikoni penye moto. Jirani zake walikuwa wanakunywa ulanzi, pombe ya mianzi; kwetu alileta togwa kwa sababu alikumbuka kwamba Bushiri ni Mwislamu. Kisha akapangusa mikono, akakaa mbele ya Bushiri kama mtu anayejua ratiba.

"Umeleta barua?" akauliza.

Bushiri, mwanaume mzima, fundi wa watu, alipiga magoti kwenye majivu, akamwambia yule mama kwamba Tadeo hayupo, kwamba amekufa mwaka wa hamsini na tano, na kwamba yeye amelijua jambo hili tangu mwezi wa tatu akalificha.

Bibi Lea hakupiga kelele. Wanawake wa jirani walianza kulia, yeye akawanyamazisha kwa mkono. "Nilijua," akasema. "Barua zilipokatika nilijua. Lakini mtu halii kwa kujua tu, baba. Mpaka aambiwe. Wewe umenikalisha na kilio tumboni miezi yote hii, na mimi nilikupa chakula changu."

Ndugu zangu, mimi nimesoma barua za misiba mingi, na sijaona mtu aliyekemewa kwa sauti ndogo namna ile akainama namna ile. Usiku huo na kesho yake nyumba ililia msiba wake ulivyopaswa. Mwanakhamisi alichota maji na kusonga ugali pamoja na wafiwa, hakuna aliyemwuliza wewe ni nani.

Siku ya tatu ndipo wakazungumza juu ya mtoto. Bibi Lea aliwahi kuandikiwa kwamba amezaliwa, lakini hakujua kama bado yuko hai. Mwanakhamisi akatoa uzi kwenye pindo la kanga, akampa, akamweleza mafundo. Yule bibi alisimama, akaukanyaga mwisho mmoja kwa kidole cha mguu, akauvuta juu ukiambaa na mwili wake. Fundo la kiuno likamfika nyongani. Akalishika hapo. Aliweka kiganja chake hewani mbele yake, pale ambapo kichwa cha mtoto kingefika, akakaa nacho hivyo, na hapo ndipo machozi yakamtoka mbele yetu.

Ukoo ulikaa. Wazee walikuwa na haki ya kumtaka mtoto, na Bushiri hakufungua mdomo kuwapinga. Bibi Lea ndiye aliyekata shauri. Alisema miguu yake imechoka, na shule ya wasichana wakubwa iko mbali. "Nguvu ya kumlea sina," akasema. "Nguvu ya kumjua ninayo. Nyinyi mleeni, mimi nimjue."

Masharti yake yalikuwa mepesi kusema. Jina lisiguswe, maana ni lake yeye, na mtoto ni somo yake. Mwiko wake aachiwe. Kila shule ikifungwa aje Igowole. Akauliza itakuwaje Jumapili, kwa kuwa wao ni Wakristo. Mwanakhamisi akamjibu kwamba atamfikisha mlango wa kanisa kwa mkono wake, na misa ikiisha atamkuta hapo hapo. Mwalimu Yunusu wa msikitini kwetu alipoulizwa baadaye, alisema dini yetu haijawahi kumruhusu mtu kumvua mtoto wa watu jina la baba yake. Bushiri angemwuliza mapema, fomu zile zisingeandikwa. Nikaandika ridhaa yake, Bibi Lea akaweka dole gumba. Mwanakhamisi akataka kumwachia uzi, Bushiri akasema vipimo vyote anavyo kichwani, bibi akae nao.

Turudi Mbeya. Bushiri alikwenda bomani kufuta kiapo chake, na mimi nikaenda naye, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Bwana Shauri, Mzungu wa bomani, alitusema tukiwa tumesimama, vijana niliowafundisha kazi wakisikia. Nilistahili. Tukaandika upya: Lea binti Tadeo, yatima, atakayelelewa na Bushiri na mkewe kwa ridhaa ya bibi yake mzaa baba. Kisha tukangoja. Bushiri alikonda. Wiki tano hakuna neno, na siku ya kuzaliwa ya mtoto inakaribia. Gauni la bluu lilining'inia kwenye msumari, naye kila jioni alikuwa analipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Jibu lilipokuja niliisoma ile barua kimya kwanza, wakanifokea wote wawili. Mama mkuu aliandika kwamba faili la mtoto lilikuwa limewekwa kando tangu fomu za bomani zilipofika, baada ya uzi kutumwa. Fomu zilisema baba mzazi ni Bushiri, na mtoto alikuwa amewaambia mara nyingi baba yake ni Tadeo, na amekufa. Walikuwa wameamua kwamba wenye uongo hawapewi mtoto, na mwisho wa mwezi ule apelekwe kazini. Karatasi yenye dole gumba la bibi imefika siku tisa kabla ya siku hiyo. Mtoto anakuja.

Kumbe shauri langu la busara ndilo lingempeleka mtoto kuosha vyombo vya watu maisha yake yote. Nilikaa barazani nikamshukuru Mungu ambaye hakuwafanya wanawake wote wanisikilize.

Lea alifika kupitia Tunduma, mwezi wa tisa, na mlezi mmoja wa kike. Mwembamba, mrefu, kijifuko kimoja mkononi. Mwanakhamisi alikuwa amelirudia neno lake la Kibemba miezi mitano, na sasa siku yake ilikuwa imefika. "Mwaiseni," akasema. Mtoto akamtazama, akatutazama wote, akajibu taratibu neno ambalo baba yake alikuwa amemfundisha kwa siku atakapofika kwao. "Kamwene."

Gauni lilikuwa fupi kwa vidole vinne, kwa maana mtoto hakungoja barua zetu ndipo akue. Bushiri akaligeuza, na ndani kulikuwa na upindo mpana wa kiganja kizima. Akaufumua pale pale barazani, akashona, likamkaa. Figo za Ijumaa amekuwa akija kuzila kwangu tangu hapo, na mke wangu analalamika.

Mwezi wa kumi na mbili walimpeleka Igowole. Siku hiyo sikwenda, nimesimuliwa na Mwanakhamisi, au niseme Mama Lea, maana ndivyo mtaa unavyomwita. Bibi alikuwa anangoja njiani na uzi umezungushwa kwenye kidole. Kabla ya salamu alimsimamisha mjukuu wake barabarani, akapima, kisha akafunga fundo la nne.

MAFUNZO

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hilo mnalijua wote. Ongezeni hili. Mtoto mkubwa akija nyumbani kwako, haji peke yake. Anakuja na baba yake aliyekufa, na jina lake, na chakula asichokula. Ukitayarisha chumba, tayarisha na nafasi ya hao. Ukimfichia asili yake ili awe wako, umemwibia yeye, umewaibia watu wa kwao, na wewe mwenyewe utalala ukisikiliza mlango.

Nanyi mnaokaa kwa kinyozi, na mnaochota maji bombani, acheni kuwacheka wasiozaa. Utani wetu ndio uliomfundisha Bushiri kusema uongo. Mficha uchi hazai, walisema wa kale, na Bushiri alipokubali kuonyesha aibu yake mbele ya moto wa Bibi Lea, siku hiyo ndiyo aliyopata mtoto.